Siku nane za miguu hadi Namugongo, na jina nililoliruka

Nianze na kosa langu. Novemba 2022 katekista wetu alifariki. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, kwa hiyo familia iliniomba niandike wasifu wake na niusome siku ya mazishi. Niliandika kurasa mbili. Nilieleza alivyokusanya watu wa kwanza chini ya mwembe, alivyofundisha watoto katekisimu kwa zaidi ya miaka thelathini, alivyozunguka na baiskeli akipeleka habari za misa hata siku za matope. Sikumtaja mama aliyeanza naye. Nyumba ya mama huyo ndiyo iliyotupokea mvua ilipotutoa chini ya mwembe, na chai ya mikutano yote ya miaka ile ilipikwa jikoni kwake. Sikumsahau. Nilimruka kwa kujua, kwa sababu wakati huo alikuwa upande wa pili.

Huo upande wa pili ulizaliwa na viti. Jumuiya yetu iko upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Busia. Mwaka 2019 tulichanga tukanunua hema moja na viti vya plastiki mia moja na hamsini, tuwe tunakodisha kwenye matanga na harusi. Kazi ilienda vizuri, na hapo ndipo palipoharibika. Pesa ziliingia, daftari halikusomwa, mwenye ufunguo wa stoo akashukiwa, na aliyemshuku akaitwa mchochezi. Kufikia 2021 tulikuwa jumuiya mbili zenye jina moja la mtakatifu. Wenzetu wa kule mtoni walisali Jumatano, sisi wa barabarani tukasali Alhamisi. Kwenye mazishi ya Mwalimu, kama tulivyomwita katekista, kila upande ulikuja na waimbaji wake, wakashindana kwa sauti mbele ya jeneza. Mama alikaa na wanawake wa mtoni. Nilipokunja karatasi yangu, hakuniangalia.

Miezi michache baadaye kila upande, bila kujua habari za mwenzake, ulimwendea paroko kumwomba barua ya hija ya miguu kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni. Padre alitusikiliza wote. Kisha akasema atatoa barua moja, yenye jina moja la jumuiya na orodha moja ya mahujaji. Asiyeweza kutembea na mwenzake, akasema, abaki nyumbani. Wengine walibaki. Tulioandikisha majina tulikuwa 31.

Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayepanga safari kama hiyo, au aliye ndani ya jumuiya iliyopasuka kama yetu. Mengi tuliyajifunza kwa kuumia.

Jambo la kwanza lilikuwa pesa, kwani tungepuuza pesa tungerudi kwenye viti vile vile. Tulichanga shilingi 7,500 kila mmoja: mafuta ya pikapu iliyobeba magodoro na sufuria, unga, maharagwe, sukari, maji, dawa. Mweka hazina alitoka mtoni, mwandishi wa daftari akatoka barabarani, na kila jioni baada ya rozari hesabu ya siku ilisomwa kwa sauti hadi senti ya mwisho. Siku mbili za kwanza niliona aibu, kama tunaoshana vidonda hadharani. Siku ya tatu hakuna aliyekuwa na cha kunong'ona tena. Kama mtashika neno moja tu hapa, shikeni hili la kusoma hesabu kila jioni.

Miguu nayo ina sheria zake. Tulifanya mazoezi ya Jumamosi nne tu, hayakutosha. Vaeni viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, miezi miwili au zaidi. Mimi nilinunua vipya nikidhani ninaiheshimu safari, na kufikia Bugiri visigino vyangu vilikuwa vinatoa maji. Pakeni mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya soksi, wala si baada ya malengelenge kutokea. Tuliamka saa tisa usiku, tukaanza kutembea saa kumi, na jua lilipokuwa kali kama saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza sehemu kubwa ya siku. Mpakani kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na vijana chini ya miaka kumi na minane wabebe cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi. Tulipoteza karibu asubuhi nzima kwa sababu ya vijana wawili tuliodhani watapita tu wakiwa na watu wazima.

Tulivuka tarehe 26 Mei 2023. Tarehe hiyo aliichagua Mama. Ndiyo, alikuwemo. Umri wake haukumruhusu kutembea njia nzima, basi alisafiri kwenye pikapu na sufuria, ila kila alfajiri alishuka akatembea nasi saa ya kwanza akishikilia fimbo. Alituambia kwamba mwaka 1886, katika siku hizo hizo, Karoli Lwanga na vijana wenzake wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walihukumiwa kule Munyonyo wakaswagwa kwa miguu wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, wakawekwa huko karibu wiki nzima kuni zikitafutwa. Usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, Kizito akiwa mmoja wao, mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kama kumi na minne. Kwa hiyo, alisema Mama, kila siku ya njia hii ina mtu wake. Tusitembee kama tunaokwenda sokoni.

Tukakubaliana kwamba kila alfajiri mtu mmoja atasimulia habari za shahidi wa siku hiyo, msimuliaji akitoka mtoni leo, barabarani kesho. Siku ya kwanza alikuwa Andrea Kaggwa, aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei. Aliyesimulia ni kijana wa upande wetu, na alisimulia vibaya. Alifanya hadithi ya "sisi Wakatoliki" tulivyoonewa, akapita juu juu kwa wengine. Hakuna aliyemrekebisha, hata mimi, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa.

Siku ya pili tuliharibu zaidi. Vijana wa barabarani wana miguu, wakachomoka mbele, na kufikia saa tatu asubuhi kulikuwa na kilomita mbili kati ya msalaba wetu na wazee wa mtoni. Mama mmoja alikaa kando ya lami akalia, si kwa uchovu, bali kwa sababu aliona tumefanya barabarani kile kile tulichofanya nyumbani. Jioni ile Bugiri maneno yalikuwa makali. Tuliweka kanuni ambayo hatukuivunja tena: anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayebeba msalaba, na hakuna anayeupita msalaba.

Tarehe 28 ilikuwa Pentekoste. Tuliingia Iganga mchana tumechoka sana, na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka alitutolea mitungi miwili ya maji kabla hatujaomba. Aliwahi kuendesha malori hadi Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Alituuliza tunakwenda kumkumbuka nani. Yule kijana wetu akajibu. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza kama tunajua kwamba miaka kumi kabla ya Lwanga, mwaka 1876, Kabaka Mutesa, babaye Mwanga, aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake, wengi wao Namugongo hapo hapo. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Walikataa kumpa mfalme nafasi ya Mungu. "Mkifika," alisema, "wakumbukeni na hao. Ardhi ile haikunywa damu ya watu wa aina moja."

Sikuwa nikijua. Nilitembea siku nzima iliyofuata nikijiuliza ni mangapi nimewafundisha watoto kwa nusu.

Toka hapo masimulizi ya alfajiri yalibadilika. Hatukuwa tena tunasifu, tulikuwa tunatafuta. Mmoja alisimulia lile ambalo kwangu ndilo kiini cha habari nzima, ingawa halina moto wala mkuki. Wamisionari wa Afrika, wale mapadre Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879, waliondoka Novemba 1882 wakaenda kusini ya Ziwa Victoria, wasirudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu wale waamini wachanga hawakuwa na padre hata mmoja. Hapakuwa na misa wala maungamo. Walichokuwa nacho ni kukutana kwa siri katika nyumba za watu kama Kaggwa na Matia Mulumba, na jumbani chini ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, wakirudiarudia walichofundishwa ili kisipotee: mmoja anakumbuka sala hii, mwingine anakumbuka fundisho lile. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Miezi minne baadaye, Novemba 1885, Balikuddembe akauawa, na kundi halikutawanyika.

Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa barabara, tukila mihogo. Mzee mmoja wa mtoni alisema, kama anaongea na nafsi yake, "Na sisi tuna padre, tuna kanisa la mabati, tuna viti mia na hamsini."

Tarehe 30 tulivuka Nile pale Jinja. Ilikuwa siku ya Mulumba. Walimkatakata viungo tarehe 27 wakamwacha mlimani afe, na inakumbukwa kwamba aliishi siku tatu peke yake kabla ya kufa. Tulikatiza daraja kimya. Hapakuwa na aliyetuamuru tunyamaze.

Tarehe 31 ndiyo siku niliyoiandikia yote haya. Tulipita msitu wa Mabira tangu alfajiri, kivuli kizuri, nyani kando ya barabara, malori yakipita karibu mno (tembeeni upande unaoyakabili magari, mmoja mmoja, na wa mwisho avae fulana ya kung'aa). Jioni tulilala Lugazi kwenye darasa la shule. Siku hiyo ni ya Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, aliyechomwa mkuki tarehe 31 Mei. Zamu ilikuwa ya mtoni, na kwa kuwa asubuhi tulikimbizana na mvua, simulizi lilisogezwa hadi baada ya rozari. Akasimama Mama.

Alisimulia kwa ufupi kifo cha Nowa. Kisha akasema: alikuwa na dada, Munaku. Wauaji walipomaliza na kaka yake, yule msichana alijitokeza mbele yao akawaambia na yeye ni mwamini, wamuue pia. Hawakumuua. Walimchukua mateka, na baadaye wamisionari wakamkomboa. "Kwa kuwa hakuuawa," Mama alisema, "hamtasikia jina lake siku ya sikukuu kwenye litania. Hayumo kati ya wale 22 waliotangazwa watakatifu. Lakini Mwalimu, katika miaka yote niliyofanya naye kazi, hakuwahi kunisimulia habari za Nowa bila kumtaja dada yake. Alisema ukimtaja Nowa peke yake, umesema ukweli nusu."

Akakaa. Hakunitazama, na sidhani alinikusudia. Lakini mimi nilikuwa na zile kurasa mbili kichwani, neno kwa neno.

Nilingoja wengine walale. Mama alikuwa nje, akipanga kuni za chai ya saa tisa. Nilipiga magoti pale, nikamwambia kwamba jina lake lilikuwa katika rasimu yangu ya kwanza, kwamba nililikata kwa kalamu usiku kabla ya mazishi, na sababu niliyolikatia. Hilo la rasimu hakuna aliyelijua, hata mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nilikuwa nimekaa pale, mwanangu. Nilisikia." Alinipa kuni mbili nizisogeze. "Mimi si kitu. Lakini wajukuu wangu walikuwepo. Wakarudi nyumbani wakaniuliza kama kweli niliyokuwa nikiwaambia yalitokea."

Hadi usiku ule nilidhani nimemkosea mtu mmoja. Kumbe niliwanyang'anya na watoto wale mahali pa kusimama katika jumuiya yao. Mtu ambaye bibi yake hayumo katika masimulizi ya kanisa atabaki humo kwa sababu gani? Wawili kati ya wajukuu hao walikuwa wameacha kuja misa tangu Desemba. Nilikuwa nimesema mara nyingi kwenye vikao kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu.

Namugongo tulifika tarehe 2 Juni mchana. Sitasema sana kuhusu umati. Fikeni siku moja mapema mkitaka nafasi ya kulala, wekeni alama moja ya kukutania ambayo hata mtoto ataiona, msitegemee simu kwa kuwa mtandao hulemewa. Mmoja wetu aliibiwa pochi pamoja na kitambulisho, na kumrudisha nyumbani kulitugharimu siku ya ziada na barua ya polisi. Basilika yenyewe imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, ikishikiliwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi, na altare iko pale inaposemekana Lwanga alichomwa. Tulihesabu nguzo zote.

Jioni ile tulikwenda pia kwa miguu hadi Nakiyanja, kwenye eneo la Waanglikana. Wengi wetu hatukuwa na habari kwamba lipo. Wengi wa waliochomwa tarehe 3 Juni walichomwa upande huu, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Waanglikana waliouawa miaka ile huhesabiwa 23, hivyo kwa pamoja ni 45. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja na wale Waanglikana akasema wasisahauliwe. Yule kijana wetu wa siku ya kwanza ndiye aliyeomba asome sala hapo. Aliwaombea Wakatoliki, Waanglikana, na wale vijana wa mwaka 1876. Nilimwona yule mama aliyelia kando ya lami akimshika bega.

Kurudi nyumbani hakukumaliza ugomvi. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mahujaji wengi wakisimulia kana kwamba unashuka kwenye basi umeshakuwa mtu mwingine. Ilituchukua miezi mitatu ya vikao kufungua daftari la hema na viti tangu 2019. Tulikuta upungufu wa shilingi 38,400. Hatukumpata mwizi, na pengine hapakuwa na mwizi, ila uzembe wa watu wengi, mimi nikiwemo niliyetakiwa kuandika risiti. Mwishoni tuliandika kwa wino mwekundu: hatujui zilikokwenda. Wote tuliokuwa viongozi tukaweka sahihi chini ya maneno hayo. Familia mbili hazikuridhika na hadi leo husali kwenye kigango kingine.

Waliobaki tulirudi kusali pamoja Jumatano. Sisi wa barabarani tuliiacha Alhamisi yetu, na haikuwa rahisi kama inavyosikika. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi tunasoma majina. Kila nyumba ilileta ya kwake, tukayaandika kwenye daftari gumu: waliofariki, waliotoa uwanja, waliopika, waliofundisha, waliohamia Nairobi, na hata waliohamia makanisa mengine, kwa sababu nao walisali nasi na baadhi yao walichimba msingi. Kuhusu hawa wa mwisho tulibishana Jumatano mbili. Anayesoma ni mtoto, na wazee wanaongezea neno moja moja kwa kila jina. Usomaji huchukua kama dakika ishirini. Msiuache urefuke zaidi, watoto wanachoka. Na msimpe katibu peke yake kazi ya kuandika majina. Watu watatu waandike, wa nyumba tatu tofauti, kisha walinganishe.

Mjukuu mmoja wa Mama amerudi. Mwingine bado.

Novemba 2023 ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Mwalimu, pale pale nyumbani kwake, chini ya hema lile lile. Niliomba ruhusa ya familia nikasoma wasifu upya. Nilisema mbele ya wote kwamba nilichosoma mwaka uliopita kilikuwa na pengo na pengo hilo nililiweka mwenyewe. Kisha nikasoma: mwaka 1987, Mwalimu akiwa pamoja na mama huyu, nikalitaja jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, walianza kukusanya familia saba chini ya mwembe.

Mama aliinua mkono kutoka kiti cha mbele.

"Si 1987," alisema. "Ilikuwa 1986, mvua za Aprili. Na familia zilikuwa nane. Umeacha ile iliyohamia Bungoma."

Nikaomba kalamu. Yule kijana aliyesimulia habari za Kaggwa akaniletea, nikasahihisha pale pale, na mjukuu wa Mama akasogea kunitajia jina la familia ya nane.